Vitabu vya Kipupwe

Wenzetu wa Ulaya wana desturi ya kusoma katika majira yao ya joto, wakiwa wamejilaza ufukweni na kofia usoni. Huku kwetu Singida likizo ya katikati ya mwaka huangukia kipupwe. Upepo huvuma tangu alfajiri hadi usiku, vumbi hupenya hata ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli, na ngozi ya mikono hupasuka kwa ukavu. Ni majira ya kuvuna na kupura alizeti, na mtu anayeketi na kitabu mchana kweupe huonekana ama mgonjwa ama mvivu. Kwa hiyo mimi husoma usiku, au huiba saa moja baada ya chakula cha mchana nyuma ya jabali kubwa lililo upande wa magharibi wa nyumba ya mama, ambako upepo haufiki.

Mwezi Juni uliopita nilisafiri kutoka Manyoni, ninakofundisha Kiswahili, kwenda nyumbani wilayani Ikungi nikiwa na vitabu sita begini. Vitatu vilikuwa vya kubuni, vitatu vya mambo ya kweli. Niliugawa mzigo hivyo kwa makusudi. Nina ubishi wa miaka mingi na mwalimu mwenzangu wa historia, ambaye hushikilia kwamba riwaya ni burudani, na kwamba atakaye kuijua nchi yake asome historia. Nilitaka nirudi na jibu la kumnyamazisha.

Nyumbani nilikuta mambo mawili ambayo simu haikunieleza sawasawa. La kwanza ni macho ya mama. Mtoto wa jicho alikuwa amelifunika jicho la kulia lote na la kushoto nusu, na zamu yake ya kupasuliwa ilikuwa imepangwa mwishoni mwa Agosti. Mama ni mmoja wa wale waliojifunza kusoma ukubwani, katika madarasa yaliyoenea vijijini baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Tangu hapo hakuna karatasi iliyopita mikononi mwake bila kusomwa, hata gazeti lililofungiwa sukari. Sasa alikuwa akiyapapasa magazeti kama mtu anayetafuta sindano.

La pili ni mdogo wangu wa kike. Alikuwa amerudi nyumbani tangu Aprili. Ameolewa upande wa Iramba, mwaka wa saba sasa, na hajapata mtoto. Hakuna aliyeniambia zaidi ya hayo, nami sikuuliza. Katika ukoo wetu mambo ya namna hiyo huwa kama mzinga wa nyuki juu ya mti: kila mtu anajua ulipo, na kila mtu anapita mbali.

Nianze na aibu yangu. Nagona cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1990, kilikuwa chembamba kuliko vyote sita, na ndicho kilichonishinda. Hii ilikuwa mara ya tatu. Kezilahabi wa Rosa Mistika ananishika mkono na kunivusha hadi Ukerewe. Namwona Rosa, namwona babake, nasikia fimbo. Kezilahabi wa Nagona ananiacha katika nchi isiyo na jina, katikati ya wanafalsafa waliokwisha kufa, na hanigeukii kuona kama namfuata. Nimesoma wanayoyasema wasomi na ninakubali kwamba kuna hazina humo. Lakini kipupwe si majira ya kuchimba madini. Nilikifunga katika ukurasa wa thelathini na kitu, nikakiweka chini kabisa ya begi ili kisinitazame.

Wasifu wa Siti binti Saad nilikimaliza kwa siku mbili. Shaaban Robert alipenda kuadibisha, na hata anapoandika habari za mtu aliyeishi kweli, aliyezaliwa Fumba, akauza vyungu vya mamake na hatimaye akasafiri hadi Bombay mwaka 1928 kuimba mbele ya mashine za kurekodi, hawezi kujizuia kutoa mawaidha kila anapovuta pumzi. Lugha yake ni ile ile tunayoijua sisi tuliolelewa naye: iliyonyooka, iliyopigwa pasi. Nakipenda kitabu hiki tangu utoto. Hata hivyo safari hii nilijikuta nikitamani Siti amtukane mtu, japo mara moja. Mwanamke aliyetoka katika umaskini na dharau kiasi kile, akazishinda, hawezi kuwa alikuwa mpole kila siku ya maisha yake. Adabu ikizidi katika wasifu, mtu wa kweli anageuka mhusika wa hadithi, na hadithi yenyewe si nzuri sana. Nilimwandikia mwalimu wa historia ujumbe huo huo usiku. Hakujibu.

Kitabu cha tatu ni Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika cha Mathias Mnyampala, kilichochapishwa mwaka 1954. Washairi wengi wanamjua Mnyampala kwa ngonjera na kwa kazi yake katika UKUTA. Wachache wamemsoma akiwa mwanahistoria wa kabila lake. Alizaliwa Ihumwa, karibu na Dodoma, mwaka 1917, na Wagogo wake ndio majirani ninaoishi nao Manyoni. Nathari yake haina pambo hata kidogo. Ni kana kwamba mshairi yule aliyeweza kuzipanga mizani usingizini aliingia katika historia na kuvua viatu mlangoni. Nilikisoma kwa heshima, na kwa wivu. Sijapata kukishika kitabu cha namna hiyo kilichoandikwa na Mnyaturu, kwa Kiswahili, juu ya Wanyaturu. Nilivyoviona ni vya wageni na vimeandikwa kwa Kiingereza, kama kile cha Harold Schneider cha mwaka 1970. Habari za Bibi Liti, ambaye wazee husimulia kwamba aliwapiga Wajerumani kwa nyuki, na ambaye uwanja wa mpira wa Singida unabeba jina lake, mimi nazijua kwa masikio tu. Nimetunga mashairi mengi. Sijawahi kuketi na mzee na daftari.

Sasa nije kwa vile viwili nilivyovisoma sambamba, ukurasa kwa ukurasa, hiki usiku na kile mchana.

Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ni kazi ambayo kila mpenda Kiswahili anapaswa kuisoma, na ambayo humwacha msomaji akitaka kunawa mikono. Mwenyewe aliyatunga kwa Kiswahili baada ya kurudi Unguja kutoka Kongo. Mjerumani Heinrich Brode akayatia katika herufi za Kilatini na kuyachapisha pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwanzoni mwa karne iliyopita, kabla Tippu Tip hajafariki mwaka 1905. Lugha yake ni kavu na ya haraka. Fulani alinikopesha mali, nikaenda, tukapigana, nikapata pembe frasila kadhaa, nikarudi. Hana muda wa kueleza mawingu. Mshairi akiisoma nathari hii hujifunza jambo ambalo hakuna mwalimu wa fasihi atakayemfundisha: namna kitenzi kimoja kilichowekwa mahali pake kinavyoweza kubeba kijiji kizima kilichoteketea.

Watu je? Pembe zinahesabiwa, wapagazi wanatajwa kwa idadi, mateka wanapita pembezoni mwa sentensi. Nilisoma nikiwa na ramani kichwani. Njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda Unyanyembe ilikata Ugogo, kisha ikaingia Mgunda Mkali, ile nyika iliyoogopwa na wapagazi kwa ukosefu wa maji. Mgunda Mkali uko katika mkoa huu. Ni huku huku Manyoni na Itigi, katika vichaka ambamo leo watu hutundika mizinga na kutupatia asali bora kuliko zote nchini (najua wa Tabora watabisha). Wanafunzi wangu wanatoka katika vijiji vilivyo juu ya njia ile. Wanamjua Tippu Tip kama jina la mtihani.

Mama alipojua nasoma kitabu cha mtu huyo aliniambia kwamba babu yake alikuwa akisimulia habari za watu waliokwenda upande wa njia, kuuza chakula kwa misafara, wakarudi na ushanga. “Na wengine?” nikamwuliza. Akasema wengine hakuwasimulia.

Peponi ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah, riwaya iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, ikatafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel. Mzaliwa wa Unguja alihitaji miaka 28 kurudi nyumbani kwa lugha ya nyumbani. Nilipomtajia mama jina la kitabu, aliuliza kama ni habari za mashetani. Swali lile lilinifurahisha kutwa nzima. Pepo ya wema na pepo wa kupandisha kichwani vinatofautishwa na sarufi tu, na ukiuliza habari za upepo mmoja na pepo nyingi, tayari umeingia uani kwetu mwezi Juni. Kiingereza hakiwezi kumpa Gurnah mchezo huo. Kiswahili kilimpa bure, kabla msomaji hajafungua hata jalada.

Ndani yake yumo Yusuf, mvulana anayechukuliwa na mfanyabiashara Aziz kwa sababu ya deni la babake. Anamwita mjomba, mpaka anapofunzwa kwamba huyo si mjomba wake. Baadaye anapelekwa bara pamoja na msafara, na hapo ndipo nilipoanza kukisoma kitabu hiki nikiwa nimekiweka kile kingine kando yake. Ni safari za aina moja: mali ya mkopo, ngoma ya kuondokea, hongo kwa machifu, homa, wizi, kurudi na hasara. Lakini kamera, kama niruhusiwe kusema hivyo, imeshushwa kutoka usawa wa macho ya mwenye mali hadi usawa wa macho ya mtoto aliyewekwa rehani. Yale yanayopita pembezoni mwa sentensi za Tippu Tip hapa ndiyo sentensi yenyewe.

Ipi kati ya hizo mbili ni ya kweli zaidi? Tippu Tip alikuwepo, Yusuf hakuwepo. Tippu Tip ana kila sababu ya kunyamaza mahali fulani, Yusuf hana. Niliketi nyuma ya jabali nikilipindua swali hili hadi mbuzi wa jirani wakala kona ya daftari langu. Nilichoweza kukiona ni kwamba nikiwa na wasifu peke yake ningeijua njia nisiwajue wapitaji, na nikiwa na riwaya peke yake ningewalilia wapitaji nisijue bei ya frasila ya pembe, ambayo ndiyo iliyowapitisha.

Tafsiri yenyewe inasomeka kama kitabu kilichozaliwa Kiswahili. Mahali pachache nilihisi Kiunguja kinanielemea mimi mtu wa bara, nikafungua kamusi. Sioni kuwa hilo ni kosa. Sisi wa bara tumezoea Kiswahili cha ofisini na cha redioni, na si vibaya kukumbushwa kwamba lugha hii ina wenyewe wanaoitumia kwa kugombana na kutongoza.

Kitabu cha sita nilipewa na yule mwalimu wa historia. Alinikabidhi nakala yake chakavu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali cha Aniceti Kitereza, akasema, “Ukichoka na hadithi zako, soma historia ya Wakerewe.” Nilipomwambia hiyo ni riwaya, alinitazama kama mtu aliyeibiwa.

Sikumlaumu. Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alimaliza kukiandika mwaka 1945, kwa Kikerewe, akiwa na nia ya kuhifadhi maisha ya watu wake kabla hayajasahauliwa. Ndani mna namna ya kutengeneza pombe ya ndizi hatua kwa hatua, namna ya kusalimiana na mkwe, dawa, mazishi, uvuvi, kilimo. Mwanahistoria akikiita chake ana haki. Kilikaa miaka 35 bila kuchapishwa, kwani hakuna aliyekuwa tayari kuchapisha kitabu kinene kiasi kile katika lugha ya kisiwa kimoja. Mzee akaketi tena, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho kikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki.

Mimi ni mtunzi wa Kiswahili ambaye mamake humwota kwa Kinyaturu. Habari hiyo ya Kitereza nimeijua tangu chuoni, na kila nikiikumbuka huona haya. Yeye aliandika kwanza kwa lugha ya mamake bila ahadi ya msomaji hata mmoja. Mimi sijaandika hata ubeti.

Nilianza kumsomea mama kitabu hiki usiku wa tatu, kwa taa ya sola, upepo ukigonga bati. Nilikichagua kwa sababu ni kirefu, na likizo ilikuwa ndefu. Sikukumbuka vizuri kinavyoanza. Hilo ni kosa langu, maana nilikuwa nimekisoma zamani kwa ajili ya mtihani, na asomaye kwa ajili ya mtihani hasomi.

Myombekere na Bugonoka wanapendana, hawana mtoto. Ndugu za mume wanamsimanga mke. Wazazi wa Bugonoka wanapata habari, wanakuja, wanamchukua binti yao na kurudi naye kwao.

Mama alikuwa kitandani. Mdogo wangu alikuwa upande wa jikoni akichambua dengu, mlango ukiwa wazi. Nilipoona mahali simango zinakoelekea, niliruka aya. Kisha nikaruka ukurasa. Nilisoma kwa sauti ile ile, nikiunganisha sentensi ya juu na ya chini kama fundi anayeficha kiraka. Nilijiambia ni adabu: kaka hasomi maneno ya namna ile mbele ya mama na mbele ya dada. Nilijiambia pia kwamba hakuna aliyegundua. Mama alikoroma kidogo, au alijifanya kukoroma.

Kesho yake nilikwenda mjini na magunia ya alizeti kukamua mafuta. Foleni kwenye mashine ilikuwa ndefu. Nilirudi magharibi na madumu mawili na gunia la mashudu. Mdogo wangu alinipokea mzigo, akaniandalia maji ya kuoga, akaniletea ugali wa uwele na mlenda. Nilipomaliza kula akasema, pole pole, “Kaka, jana uliruka.”

Sikuwa na jibu.

“Nimekisoma mchana,” akaendelea. “Yale uliyoyaruka nimeyasikia yote kwa masikio yangu, tena kwa sauti kubwa kuliko ya kitabu. Wewe ndiye uliyekuwa huyajui.”

Usiku ule alikichukua kitabu yeye. Akarudia mwanzo, akayasoma yote, simango kwa simango, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Mama hakukoroma. Ulipofika mwisho wa sura alisema, “Waandishi hawa wanaume, yupo aliyejua.” Baadaye nikawaeleza nilichokijua juu ya mwandishi, kwamba yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto aliyeishi. Walinyamaza muda mrefu. Mdogo wangu akauliza, “Na mkewe alibaki?” Nikamjibu kwamba alibaki, na kwamba mzee hakuoa mwingine.

Hapa naomba wapenda lugha wanisamehe nikigeuka kidogo, kwa sababu wiki ile sikuweza kulifikiria jambo hili ila kwa njia ya kamusi, ambayo ndiyo njia ya waoga. Tunalo neno tasa, tunalitumia kwa mwanamke na kwa mnyama jike, kwa pumzi moja. Tunalo mgumba, ambalo kwa sarufi laweza kumwangukia yeyote, mume au mke, lakini sikiliza mitaani uone linamwangukia nani. Mwanamume akikosa nguvu tuna jina lake, na jina hilo ni tusi. Mwanamume mwenye nguvu zake zote ambaye hazalishi, sina neno moja jepesi la kumwita. Lazima nimzungushe kwa sentensi. Lugha yenye majina ya mvua za kila mwezi imekosa neno hilo, na ukosefu huo umemfanya mdogo wangu akae jikoni kwa mamake akichambua dengu tangu Aprili. Niliwahi kutunga tarbia ya kusifu utajiri wa Kiswahili, beti kumi na mbili. Sijaifuta, lakini siku hizi siisomi hadharani.

Tangu usiku ule nikawa msikilizaji. Myombekere hawezi kuvumilia. Anafunga safari kwenda kwa wakwe kumfuata mkewe. Wakwe wanampokea, wanamlisha, wanamtoza. Alete pombe ya ndizi. Kitereza anaieleza pombe ile kwa subira inayowachosha wasomaji wengi, na nakiri kwamba mimi nilichoka chuoni. Kwa mdogo wangu ilikuwa tofauti. Alizisoma kurasa zile taratibu kuliko zote, ndizi kwa ndizi, jirani kwa jirani aliyeombwa msaada, na mara moja akacheka peke yake. “Huyu,” akasema, “angalau alitafuta ndizi.”

Mama naye alikuwa akikisahihisha kitabu. Kila desturi ya Wakerewe aliipimia ya kwetu: sisi hatumsalimu mkwe hivyo, sisi mti huo tunautumia kwa tumbo wala si kwa mgongo. Alitaja majina ya Kinyaturu ya mimea na ya vyombo ambayo sijawahi kuyasikia, au niliyasikia nikiwa mtoto nikayaacha yapite. Usiku wa tano au wa sita nilichukua lile daftari lililoliwa kona na mbuzi, nikaanza kuandika. Kufikia mwisho wa likizo nilikuwa na maneno 140. Mengine sijui niyaandikeje, kwa sababu Kinyaturu kina sauti ambazo herufi za Kiswahili hazizitoshi, na kila nikimsomea mama nilichoandika alikuwa akicheka hadi machozi yakamtoka katika yale macho mabovu.

Julai shule zilifunguliwa nikarudi Manyoni. Kitabu kilibaki. Kila Jumapili jioni mdogo wangu alinipigia simu na kunieleza walipofika, kana kwamba ni habari za majirani: Bugonoka ameshika mimba, Ntulanalwo kazaliwa, sasa kaja Bulihwali. Nilimwuliza kama haumii kusoma hayo. Akasema anaumia, lakini Kitereza hakuharakisha, na kwamba kama mtoto angekuja upesi angekitupa kitabu.

Katikati ya Julai mumewe alikuja, pamoja na baba yake mdogo, kwa pikipiki mbili. Sikuwepo, nasimulia nilivyosimuliwa na mama. Walikaribishwa, wakachinjiwa kuku. Shemeji aliomba radhi kwa maneno yaliyosemwa na ndugu zake, na mjomba wetu akampokea vizuri. Kisha mdogo wangu akaomba kusema, jambo ambalo halikuwa katika ratiba. Alisema hadai pombe wala mbuzi. Anadai waende hospitali, wote wawili, siku moja, chumba kimoja, na majibu yasomwe wakiwa wamekaa pamoja. Baba mdogo wa shemeji alisimama akatoka nje. Shemeji alibaki ameketi. Baada ya muda akasema sawa.

Sisemi kwamba ni kitabu kilichomfanya aseme hivyo. Nilipomwuliza, alinijibu kwa ukali kidogo kwamba alikuwa ameliamua hilo tangu Aprili, ila alikuwa akisubiri mtu wa kumfuata ili apate wa kumwambia. Walikwenda hospitali mwezi Agosti. Majibu ni yao.

Mwalimu wa historia aliniuliza kitabu chake kiko wapi. Nikamwambia kiko Ikungi, kinasomwa. Akauliza kinasomwa kama historia au kama riwaya, akitabasamu, akijua amenipata. Nilikuwa nimeandaa hoja zangu zote, za Siti, za Yusuf na Tippu Tip, lakini nikajikuta namweleza habari za dengu na za kuruka ukurasa, na ubishi ukaishia hapo bila mshindi. Amesema atakisubiri.

Mama alipasuliwa jicho la kulia wiki ya mwisho ya Agosti. Nilikuwepo bandeji ilipofunguliwa. Aliniangalia, akasema nimekonda. Akaangalia dirisha, akaangalia mikono yake mwenyewe pande zote mbili. Kisha akamwomba mdogo wangu ampe kile kitabu. Alikigeuza jalada mbele na nyuma, akakifungua katikati, akakisogeza mbali, akakileta karibu, akasoma kwa sauti maneno kama kumi hivi. Akasimama.

“Herufi zenyewe ndogo hivi,” akasema, “na mlikuwa mnasoma usiku?”

Akaendelea kusoma.